Umeme wa Kuwashia na Umeme wa Kuchezea

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Eldoret, na ni mke wa dereva wa lori. Ualimu umenizoesha kuhesabu wati. Ndoa imenionyesha kwamba hesabu hiyo hiyo, ukiifanya kwa uaminifu, haiishii ubaoni. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo wazazi wenzangu wakilisikia hutikisa kichwa: kufunga PlayStation ndani ya lori.

Mume wangu hubeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala, na wakati mwingine hadi Kigali. Barabara hiyo inakata katikati ya mji wetu, ambao tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji, na malori hulala Maili Nne, upande wa kutokea kwenda Turbo. Ukipita pale jioni utaona mapazia ya kabini yamevutwa, na nyuma yake wanaume wazima wamelala chali wakitazama simu. Wengine wao wako kilomita chache tu kutoka vitandani mwao. Lakini mzigo hauachwi. Mwenye lori anafuatilia gari lake kwa setilaiti, na likionekana mahali ambapo halikutarajiwa, simu ya dereva inalia papo hapo. Ndiyo maana dereva wa Eldoret anaweza kulala Eldoret na asilale kwake.

Basi sisi ndio tunaomwendea. Tunabeba chai kwenye thamosi, ugali umefungwa kwa kitambaa, mboga kwenye bakuli lenye kifuniko. Kijana wetu alipokuwa mdogo, kabini yenyewe ilimtosha: usukani mpana, honi, kitanda cha nyuma cha kujificha. Alipoingia Gredi ya Saba mambo yakabadilika. Wakawa wanakaa wawili, baba na mwana, kila mmoja na simu yake, na mimi katikati nikimimina chai. Walipendana, hilo halikuwa na shaka. Hawakuwa na la kuzungumza tu.

Wazo la PlayStation lilikuwa la kijana. Baba yake alikuwa amemnunulia PS4 Slim ya mitumba, na siku moja akasema, "Baba, twende nayo kwa lori." Mume wangu akacheka, akakubali palepale. Mimi nikasema tungoje. Sikuwa na ugomvi na mchezo. Nilikuwa na swali kuhusu umeme, na swali hilo lilitokana na usiku ambao Wakenya wengi bado wanaukumbuka.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea karibu nchi nzima. Magazeti yaliandika zaidi juu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kukaa gizani. Hapa kwetu watoto walikuwa likizoni, na baridi ilikuwa ile ya nyanda za juu. Katika ploti tuliyokaa alikuwapo jirani mwenye Probox. Kila alfajiri hupakia mitungi ya maziwa na kuipeleka mjini kwenye mikahawa. Vijana wake walikuwa na inveta ndogo, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Wakapitisha waya dirishani, wakaunganisha runinga na PlayStation sebuleni, injini ya gari ikiwa imezimwa ili baba yao asiamshwe. Watoto wa ploti nzima wakajaa pale. Nilisikia kelele za mabao hadi usiku wa manane, na katika mji uliozama gizani kelele zile zilinifurahisha.

Alfajiri jirani alipakia maziwa, akaketi, akazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio ule mkavu wa kugongagonga, kisha kimya. Gia ya Probox ile ni otomatiki, na gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Wanaume walitoka nyumbani mwao wakiwa tayari kusukuma, wakasimama tu. Alipopatikana mtu mwenye waya za kujampia, jua lilikuwa limepanda na wateja wake walikuwa wamenunua maziwa kwa mwingine. Baadhi yao hawakurudi kwake tena.

Kijana mkubwa wa jirani alisimama kando ya gari akarudia neno moja: "Lakini inveta haikulia."

Sentensi hiyo nimeitumia darasani tangu siku ile. Inveta ndogo nyingi hupiga kelele betri ikishuka hadi karibu volti 11, na hujizima karibu volti 10.5. Sasa tazama betri yenyewe. Betri ya gari ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kidogo sana, na asubuhi ya baridi ya Eldoret huenda isiweze kuzungusha injini hata mara moja. Maana yake ni kwamba nguvu ya kuwashia gari huisha mapema, kelele huja baadaye. Kelele ile haikuwekwa kwa ajili ya gari. Iliwekwa kuilinda inveta. Vijana wale walikuwa wakisubiri onyo ambalo halikuwa lao.

Nimewaona walimu wenzangu wakifanya vivyo hivyo na mishahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja. Ni sheria nzuri. Lakini nimewasikia watu katika chumba cha walimu wakisema, "Bado theluthi haijaguswa, naweza kuongeza mkopo," kana kwamba aliyeandika sheria alijua karo ya watoto wao na kodi ya nyumba zao. Theluthi ni mpaka wa sheria. Mpaka wa nyumba yako unauweka wewe, na unakuja mapema zaidi. Anayesubiri mfumo ukatae ombi lake la mkopo amekwisha chelewa.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote Maili Nne, mimi na kijana tulikaa mezani na daftari. Nilimwambia asome kibandiko kilicho chini ya mashine: wati 165. Hicho ni kilele, nikamwambia. Katika mchezo wa mpira PS4 Slim hula kama wati 80 hadi 100. Runinga ndogo ya inchi 22 hula kama 30. Tukaandika 130. Inveta nayo haigeuzi umeme bure, sehemu inapotea kuwa joto, tukachukua kwamba asilimia 85 ndiyo inayofika. Akagawanya: wati 153 zinatoka kwenye betri. Kwa volti 12 hizo ni karibu ampea 13. Betri ya gari dogo kama Probox huwa na ampea-saa zisizozidi sana 35, na ukitaka gari liwake kesho huwezi kugusa zaidi ya nusu, tena hiyo nusu ni ya mtu jasiri. Akapiga hesabu, akainua uso. Saa moja na dakika kadhaa. Vijana wa jirani walikuwa wamecheza mpaka usiku wa manane.

Aliniuliza swali ambalo nilitamani wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wangeniuliza. "Mama, betri za lori ni kubwa. Kwa nini nazo zisifae?"

Jibu ni kwamba ukubwa si aina. Betri ya kuwashia injini ina bamba nyingi za risasi, nyembamba, zilizopangwa karibu karibu, ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache. Kisha altaneta inairudishia kile ilichotoa. Kazi yake ni msukumo mmoja mkubwa na kujazwa upesi. Ukiifanya itoe kidogo kidogo kwa saa nyingi hadi ikauke, salfeti ya risasi inaganda juu ya zile bamba nyembamba, na kila ukirudia, sehemu ya uwezo wake haitarudi tena. Iko betri nyingine, ile ya sola, yenye bamba nene. Hiyo haikuundwa kwa kutoa mamia ya ampea, lakini itatoa kumi na tatu kwa saa kadhaa, usiku baada ya usiku, bila kuumia upesi. Zote mbili ni nyeusi, zote mbili ni nzito, zote mbili zimeandikwa volti 12.

Fundi wa umeme wa magari wa pale Maili Nne alitufungulia kisanduku cha betri cha lori. Juu ya vichwa vya betri kulikuwa na unga wa kijani na mweupe. Akaumwagia maji ya moto kutoka kwenye birika, akapangusa kwa kitambaa kikuukuu, akatuonyesha jinsi betri mbili za volti 12 zilivyoungwa mfululizo kupata volti 24. Hapo ndipo aliponipa somo ambalo silioni katika vitabu vyetu vya shule.

"Mwalimu, kila wiki ananijia dereva anataka nimtolee volti 12 kwa betri moja tu, awashe redio ama TV. Nakataa. Hizi zinalishwa pamoja. Ukiinyima moja, ile ingine inavimbiwa."

Nilimwelewa mara moja. Altaneta inaona jumla ya volti za zote mbili, haioni kila betri peke yake. Moja ikiwa imenyonywa, jumla inapungua na chaji inaendelea kumiminwa, na ile iliyojaa inapokea isichohitaji hadi maji yake yanachemka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na dereva anamlaumu aliyeziuza.

Tena lori si letu. Mume wangu alipiga simu kwa msimamizi wake, akaeleza. Jibu lilikuwa fupi: waya za gari zisiguswe. Kijana alinung'unika. Mimi sikuona ubaya wa jibu hilo, na bado sioni. Mtu aliyekukabidhi gari la mamilioni ana haki ya kutaka liwake Malaba saa kumi usiku. Tuliomba jambo jingine: kufunga paneli ndogo kwenye reki iliyo juu ya kabini, na betri yetu wenyewe katika sanduku la vifaa lililo ubavuni, pasipo waya hata moja kugusana na umeme wa lori. Hilo alikubali.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Paneli ya wati 100. Kidhibiti chaji. Betri ya jeli ya ampea-saa 100, ambayo fundi alisisitiza ikae nje ya kabini, kwa sababu betri za risasi zikichajiwa zinaweza kutoa haidrojeni na mtu halali na haidrojeni. Inveta ya wati 300, ya aina inayotoa mawimbi laini kama ya stima ya nyumbani, maana zile za bei ya chini zinazotoa mawimbi ya ngazi ngazi hufanya baadhi ya adapta zipate moto na runinga ivume. Fyuzi iko karibu kabisa na betri, kabla waya haijaenda popote. Waya ni nene na fupi. Na mbele kabisa, mahali pa kuonekana, mita ndogo ya volti.

Tukirudi kwenye daftari: nusu ya betri hiyo ni kama wati-saa 600, karibu saa nne za kucheza. Lakini jua ndilo linalolipa. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, na siku ya anga safi paneli ile hurudisha kama wati-saa 400. Hiyo ni saa mbili na nusu. Siku za mvua za Julai ni chini ya nusu ya hiyo. Kijana aliziandika namba hizo mwenyewe, akazibandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Nilipata faida ambayo sikuipanga. Nyumbani, kumwambia mtoto azime mashine ni vita ya kila jioni, na mzazi hushinda kwa kupandisha sauti. Ndani ya lori sijawahi kupandisha sauti. Mita ikisoma 12.2, anazima mwenyewe. Haoni kwamba amenyimwa. Anajua umeme ule ulitoka wapi, ulikusanywa saa ngapi, na ukiisha utarudi lini. Nimeanza kuamini kwamba watoto wetu wengi hawaheshimu mipaka kwa sababu tunawaonyesha mpaka peke yake, bila chanzo. Tunawaambia pesa hakuna, hatuwaonyeshi payslip. Tunawaambia muda hakuna, hatuwaambii siku yetu ilikwenda wapi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kubeba ukweli mwingi kuliko tunavyodhani, ilimradi awekewe mezani na apewe kalamu.

Sasa nifike mahali ambapo hesabu hii ilinigusa mimi mwenyewe.

Mume wangu ndiye kifungua mimba kwao. Kwa miaka mingi simu yake imekuwa ikilia akiwa Mtito Andei, akiwa Salgaa, akiwa ng'ambo ya Malaba. Dada anaingia chuo cha uuguzi, karo. Mama amelazwa, amana ya hospitali. Mazishi, gari la kubeba mwili. Mambo hayo aliyafanya, na aliyafanya vizuri, maana yeye ni mtu wa msukumo mkubwa. Ukimwambia leo kuna mtu anakufa, atatafuta fedha kabla hajala. Lakini kati ya misukumo hiyo kulikuwa na ule mvuto mdogo wa kila siku: nitumie ya unga, nitumie ya nauli, simu yangu haina salio, gesi imeisha. Mia mbili hapa, mia tano pale, kwa M-Pesa, kila jioni. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mmoja aliomba kidogo. Nami nikawa namwona mume wangu akirudi nyumbani amenyamaza, hana deni kubwa wala ugonjwa, amekauka tu. Usiku mmoja nilipokuwa nikisahihisha maswali ya wanafunzi juu ya betri nikaweka kalamu chini. Yeye ni betri ya kuwashia, na ukoo mzima ulikuwa unaendesha taa kwake.

Niliwaambia ndugu zake hivyo hivyo, tulipokutana Krismasi. Sikumshtaki mtu. Nilisema: kaka yenu akihitajika kuuwasha ukoo huu usiku wa shida, awe na nguvu. Yale madogo tuyatafutie mahali pake. Tukaanzisha mfuko, kila aliye na kazi anaweka kidogo kila mwezi, na aliyebaki kwao shambani anaweka maziwa au mayai yanayouzwa. Unga, nauli na gesi vinatoka humo, na anayeutunza ni shemeji yangu mdogo wa kike, si mume wangu. Haukuwa mpango rahisi. Wapo walioona nimekuja kumzuia mtoto wao. Lakini mama mkwe alikaa akisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwacheni apumzike, ndiyo mpate kumwita kesho." Hapo mjadala ukaisha. Simu yake bado inalia. Inalia kwa mambo ya maana.

Watu wa Eldoret hawapaswi kupata shida kulielewa hilo. Tunaishi kati ya wakimbiaji bora duniani. Ukienda Iten au Kaptagat utawakuta vijana waliokimbia alfajiri wamelala mchana, na hakuna anayewaita wavivu. Kulala ni sehemu ya mazoezi, na kocha atakugombeza usipolala. Lakini dereva aliyetoka Mombasa, akapanda Timboroa usiku kwenye ukungu, akifungua mchezo jioni anapoegesha, tunamwambia ni mtu mzima anayecheza vitu vya watoto. Mimi nakataa. Akili iliyokaa saa kumi ikitazama taa za breki za gari la mbele inahitaji kutazama kitu kingine, kitu kisichoweza kumuua mtu.

Jioni ya kwanza waliyocheza nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha nyuma, thamosi magotini. Runinga ilikuwa imefungwa kwenye dashibodi kwa mkanda. Kijana alichagua Arsenal. Baba yake akachagua Manchester United, akashika padi kama mtu anayeogopa kuivunja. Kidole gumba chake kilifunika vitufe viwili kwa pamoja, mpira ukawa unakwenda kusikotarajiwa. Alifungwa mabao mengi. Kijana alimwonyesha jinsi ya kukaba, akamshika kidole na kukiweka mahali pake. Sikuwa nimemwona akimgusa baba yake mkono tangu awe mkubwa.

Kisha, macho yao wote wawili yakiwa kwenye skrini, kijana akauliza, "Baba, ile korona, ulipokwama Malaba, uliogopa?"

Mwaka 2020 madereva walisubiri kupimwa mpakani, na foleni ya malori ilirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Nilijua alikuwa huko. Nilimtumia fedha, nilimpigia simu, kila mara akaniambia yuko sawa. Jioni ile, akiwa anajaribu kumzuia mshambuliaji wa Arsenal, alimjibu mtoto. Alisema aliogopa. Alisema watu wa pale waliwaita madereva wabeba ugonjwa, kwamba mwenye duka alimwekea chenji juu ya jiwe na kurudi ndani akafunga mlango kabla hajaiokota, kwamba usiku alizima hata redio kuokoa betri, kwa kuwa foleni ikisogea na lori lisipowaka walio nyuma wangempita. Alisema alikaa gizani na kurudia majina yetu. Nami nilikuwa nyuma yao na kikombe mkononi, nikisikia hayo kwa mara ya kwanza.

Nimefikiri sana kwa nini aliyasema pale na si mezani kwetu. Nadhani wanaume wengi, na wavulana wengi, hawazungumzi wakitazamana. Wanazungumza wakiwa wamekaa bega kwa bega, mikono ina kazi, macho yana mahali pa kwenda. Zamani kazi hiyo ilikuwa kuchunga ng'ombe pamoja, au kujenga ua. Baba anayeishi barabarani hana ng'ombe wa kuchunga na mwanawe. Ana kabini.

Kucheza garini si jambo jipya duniani. Mwaka 2000 Sony walipotoa PS one, ile ndogo, walikuja kuuza pia skrini yake ya inchi 5 na kifaa cha kuchukulia umeme wa gari. Nganya za Nairobi, zile matatu zilizorembwa, nazo zimewahi kufungwa PlayStation ili kuvuta abiria. Kwetu ni jambo la utulivu zaidi, na tuna masharti ambayo hayajadiliwi. Gari likiwa linatembea, mashine imezimwa na imefungwa kwenye sanduku lake lenye sponji, kwanza kwa sababu dereva ana barabara ya kutazama, pili kwa sababu diski inayozunguka ndani ya PS4 haivumilii mashimo. Injini haiwashwi kwa ajili ya mchezo. Injini ya lori ikinguruma tu mahali pamoja hunywa kama lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa, na moshi wake katika uwanja uliojaa malori yaliyobanana unaingia kwenye kabini za watu waliolala. Saa nne usiku mapazia yanavutwa, kwa sababu kesho kuna mteremko wa Salgaa.

Betri ile imetusaidia na nyumbani pia. Stima ikipotea na lori likiwa Maili Nne, kijana huenda na baba yake wakaifungua, wakaileta nyumbani kwa pikipiki, na mimi nasahihisha vitabu vyangu kwa mwanga wake. Wati 10 za taa ukilinganisha na 153 za mchezo. Betri haitambui hata kama inafanya kazi.

Kwa vijana wanaotaka kufanya hivi kwenye gari la baba: nunueni mita ya volti kabla ya inveta. Ni kifaa cha bei ndogo, na kitawaambia yale ambayo kelele ya inveta haitawaambia. Gari la volti 12 lipewe inveta ya volti 12, lori la volti 24 lipewe ya 24. Ukiiunga ya 12 kwenye 24, inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Na kwenu wenye malori mnaosoma haya: madereva wenu watalala kwenye magari yenu usiku wa leo, kutoka Mariakani hadi Malaba, na wengi watatafuta njia ya kuwasha kitu, mkijua au msijue. Waruhusuni wafunge betri yao ya pili na paneli juu ya kabini, waziwazi, kwa mkono wa fundi anayeijua kazi. Haitachukua hata ampea moja kutoka kwenye injini yenu.